Mgao wa Ndege

Katekista Kosmas Mabruki alitufundisha, pale Weti,
kwamba ndege hana jembe wala ghala
na bado halali njaa:
Mungu ndiye mpishi wake.

Hilo nililijua kabla yake.
Nilikuwa na miaka minane, juu ya dungu, teo mkononi,
umande haujakauka, naamia mpunga,
na minana wanashuka kama mtu aliyekung'uta ungo mbinguni.
Huwalisha, ndiyo. Huwalisha kwetu.
Na mimi, mtoto wa watu, nimetumwa
kumzuia Mungu kwa kokoto.

Mama alicheka nilipomwambia.
"Ulimi huo utakupeleka pabaya."
Kisha siku ya kuvuna akaacha pembe moja ya konde,
hatua sita kwa nne, upande wa matope,
masuke yamesimama.
"Nani atavuna hapa?"
"Si wewe."

Kitabu hakina muhogo. Nimeutafuta.
Kina ngano, shayiri, tini, zabibu,
na mizeituni, ambayo mimi naijua
kwa kichupa cha mafuta ya padri tu.
Hakina jimbi. Hakina shelisheli.
Nikadhani wakati wa kuorodhesha vyakula
wino ulikwisha kabla ya kuvuka maji kuja kwetu.

Mpaka mwaka ule bahari ilipovunja tuta.
Maji ya chumvi yakalala bonde zima,
mpunga ukageuka rangi ya kamba kuukuu,
na Jumapili hiyohiyo tukasomewa
kwamba sisi ndio chumvi ya dunia.
Mama akaniinamia sikioni:
"Imezidi."

Tukala muhogo. Asubuhi muhogo, jioni muhogo.
Hapo ndipo nilipozijua adabu zake.
Ung'oe wa leo, ni mweupe, unapasuka chunguni.
Ung'oe wa wiki nzima, uufiche uvunguni kwa hofu,
siku ya tatu ukiukata una michirizi myeusi
kama mishipa ya mkono wa mgonjwa.
Uache ardhini, unakungoja. Mwezi. Miezi.
Sasa niambieni, nyie mliosoma:
ile mana ya jangwani, iliyowaozea waliojiwekea akiba,
ina tofauti gani na huu wa kwetu?
Ghala ni udongo. Ufunguo ni asubuhi.

Nao ukaisha.

Usiku tulikuwa tunasali, mama, mimi na Fedelika,
tumefika palepale pa kuomba riziki ya leo,
mlango ukagongwa.
Riziki binti Faki, jirani, ndiyo kwanza katoka kusali Isha,
ungo kiunoni, pishi mbili za mbegu:
mpunga wa mlimani,
hauogopi chumvi kwa kuwa chumvi haiupandii.
Mama alishika mdomo. Alicheka hata akalia.
Riziki akasimama kizingitini, uso umekunjamana:
"Mlikuwa mnanisema?"
"Tulikuwa tunakusema kwa Mungu."

Lakini mbegu hailiwi.
Tulilala njaa, pishi mbili za mpunga chumba kimoja na sisi.
Nilizisikia. Naapa nilizisikia zikipumua.
Watu husema imani, imani;
mimi naijua kwa usiku ule mmoja,
tumbo linaunguruma karibu na chakula
nasi hatukigusi, kwa sababu kina safari.
Alfajiri mama akaenda kuzizika,
punje kwa punje, kwa kidole,
wala hakulia kama wazikao.

Leo konde ni langu, magoti pia ni yangu na yananiuma.
Dungu lipo. Juu yake yupo mjukuu wangu Ansgari,
ana shabaha kuliko nilivyokuwa.
Anawapiga minana mchana kutwa, nami namsifu,
kwa kuwa jasho nalo lina haki yake.
Ila akigeuzia teo kwenye ile pembe ya matope,
hatua sita kwa nne,
namshika mkono.
"Pale usirushe."
Anauliza kwa nini.
Nampa kipande cha muhogo wa moto,
apate kunyamaza.